Maiki Chini ya Sakafu

Juu ya duka la omena,
Homa Bay,
Jumapili mchana.

Kwa mpendwa dada Benta, nyar Sindo, binti wa Sindo,

Amosi sana, nakusalimu kwa Kijaluo chenu. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na mama yako, na wale watoto wa darasa la nne uliosema wanakumaliza sauti. Mguu wa mama unaendeleaje? Mara ya mwisho alikuwa anafika hadi mlango wa jikoni bila fimbo, nikafurahi. Mwambie mimi Mkuria wake namsalimia, na yule kuku niliyeahidiwa nikija Migori sijamsahau. Hapa kwetu tupo, tunasukuma siku. Joyline mzima, watoto wazima, ziwa liko pale pale na magugu yake. Mimi mwenyewe siumwi mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha kidole akasema ni hapa. Nimechoka tu. Na si ule uchovu wa mtu kulala akaamka umeisha.

Najua umenikasirikia. Umenipigia simu mpaka umekata tamaa, na kila mara anashika Joyline anakuambia nimetoka, mara nimelala, mara niko na wateja. Ukituma ujumbe nakujibu "sawa" na "asante" kama karani wa kaunti. Usimlaumu Joyline. Ni mimi niliyemwambia aseme hivyo, na yeye mwenyewe ameshachoka kunisemea uongo, maana unajua mke wangu uongo haumkai mdomoni. Haya ninayotaka kukueleza hayaingii kwenye simu, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini. Nimempa Kemuma akuletee, yule mama anayekuja hapa chini kununua omena za kupeleka soko la Migori. Ukiona karatasi inanuka samaki, vumilia, imesafiri ndani ya kikapu chake.

Uliniuliza swali moja. Je, uandike barua ya kuacha ualimu muhula huu ukiisha, uje tufanye kazi pamoja tena kama zamani, au usiandike? Ukasema wazee wa kanisa huko Migori wamekubali nije Agosti nirekodi kwaya zao zote, kwa sababu wewe ulisimama mbele yao ukawaambia Nchagwa ana siri ya ngoma ambayo hakuna fundi mwingine anayo. Ukasema unataka nikufundishe siri hiyo. Benta, swali lako nimelala nalo na kuamka nalo. Nitalijibu humu humu, siwezi kukuacha uache kazi ya serikali ukiwa gizani. Lakini itabidi nianze mbali kidogo, unistahimilie kama unavyowastahimili wale wa darasa la nne.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Wewe ndiye uliyenifundisha, tusidanganyane. Seti ya ngoma ikishapangwa, maiki moja ndani ya lile tundu la ngoma kubwa ya mguu. Moja juu ya ile ndogo yenye nyuzi chini, vidole viwili tu kutoka ngozini. Mbili zinaning'inia juu, huku na huku, za kunasa matoazi, yale masahani ya shaba. Hiyo ilikuwa sheria, na ole wake atakayeigusa. Mimi nikisogeza maiki upana wa ukucha, wewe kule kwenye kiti, hedifoni masikioni, unasonya. Nilikuwa nakuambia wewe si mtu, wewe ni paka. Na ile mbao iliyolegea karibu na mlango! Kila mtu akiikanyaga inalia, inaingia kwenye nyimbo, na kila wiki unanigombeza niipigilie msumari. Nami kila wiki nakuambia kesho.

Halafu mama akaanguka, ukaenda kumtunza, ukapata shule huko huko Migori, na mimi nikabaki hapa na Oliver. Oliver unamjua lakini hujamjua. Ulipoondoka alikuwa bado anakuja mara moja moja. Sasa ndiye mpiga ngoma wa kila kitu Homa Bay. Jumamosi mchana anapiga magoti kanisani, jua likizama anapiga ngoma kwenye bendi, na hakuna anayemuuliza kwa sababu Sabato imeshaisha. Ni mtu wa mikono mikubwa na moyo mwembamba. Akipenda anapenda, akinuna ananuna wiki nzima. Na matoazi yake anayapenda kuliko viatu vyake. Huyapangusa kwa leso kabla hajapangusa jasho lake mwenyewe.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, akaja Mzee Monari na vijana wa kwaya ya kanisa lao la kule mlimani. Mzee Monari ni mzee wa kanisa, Mkisii, anauza mbegu hapa mjini, mtu mpole anayezungumza kana kwamba kila neno limepitia kwa kamati kwanza. Alinieleza shida yao. Vijana walitaka ngoma kwenye nyimbo zao. Wazee walikataa katakata, kwamba ngoma inaamsha viuno, na kiuno kikiamka kanisani nani atakilaza? Wakavutana karibu kanisa ligawanyike. Mwisho wakaafikiana hivi: ngoma ipigwe, lakini isisikike kama ngoma. Mzee alinitazama usoni akaniuliza kama jambo hilo linawezekana. Oliver alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilimwambia mzee aniachie siku chache.

Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo siri yenyewe uliyowahubiria watu huko. Nilimwambia Oliver akae kwenye ngoma zake apige, tena asiache. Mimi nikavua viatu na soksi, nikaanza kutembea chumbani polepole, pembe hii hadi pembe ile. Unajua hili jengo, lilikuwa bohari la pamba enzi hizo, sakafu ni mbao tupu na chini ni duka. Mahali mbao ilipotetemeka sana chini ya nyayo zangu nikaweka alama ya chaki. Kisha nikateremka dukani, nikaomba ruhusa, nikapanda juu ya magunia ya omena, nikaifunga ile maiki yetu ya kwanza, ile yenye shingo ya gundi, ndani ya leso ya Joyline, nikaibana kwenye boriti chini ya alama ile ile. Maiki ya pili nikaitumbukiza ndani ya mtungi wa udongo ambao Joyline huwekea maji ya kunywa, mdomo wa mtungi ukiangalia ukuta, nyuma ya mgongo wa Oliver. Basi. Juu ya ngoma hakukuwa na maiki hata moja. Matoazi hayakupata chochote. Oliver aliponiuliza maiki zake za juu ziko wapi, nilimwambia matoazi ndiyo yanayowafanya wazee wamwone shetani. Akanyamaza. Joyline ndiye hakunyamaza, kwa sababu ya mtungi.

Tulipomwekea Mzee Monari wimbo wa kwanza, alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, nami nikadhani amelala. Akafungua macho akasema hiyo si ngoma, hao ni watu wanaotembea. Akasema anawajua. Ni watu wanaopanda mlima kwenda kanisani asubuhi ya Sabato, alfajiri hakujapambazuka vizuri, akina mama wamebeba watoto na viatu mkononi ili visichafuke na matope, mama yake akiwa miongoni mwao. Mzee mzima yule akatoa kitambaa akajifuta. Kamati ikapitisha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu yaliwafikia huko Migori. Nyimbo zile zikaruka kwa simu kama nzige. Kwaya moja kutoka kwenu Sindo ikaja kutaka "ngoma ya miguu". Wakatoliki wakaja, ambao ngoma hawajawahi kukatazwa na mtu, nao wakataka ile isiyosikika kama ngoma. Nikacheka, mimi Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Kijana mmoja mwenye kamera akaja kutoka Kisumu kunihoji. Akaniuliza jambo, nikamjibu kwamba sauti haikai hewani, sauti inakaa kwenye mbao. Akanitazama, akatingisha kichwa, akaandika. Maneno hayo sasa yako chini ya picha yangu kila mahali, ati falsafa ya Nchagwa. Wewe mwenyewe ulinitumia ukaweka mioyo.

Lakini Oliver, dada, Oliver alikuwa anakufa pole pole mbele yangu nami simwoni. Kila kwaya ikija nazika maiki chini ya sakafu, na matoazi yake yanabaki mayatima. Akaanza kuyapiga kwa nguvu ili yaingie kwa lazima, hata moja likapasuka. Siku hiyo aliniambia namzika akiwa hai. Kwamba mke wake anasikiliza nyimbo hizo na hawezi kujua ni yeye anayepiga. Kwamba ngoma bila matoazi ni ugali bila mboga, unashiba lakini unakasirika. Nami kwa uchovu wangu nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama hapendi, ngazi ya kushukia anaijua. Akazoa vijiti vyake akaenda. Alikaa kwao wiki mbili tatu hivi, akarudi kwa sababu kwaya ya Mzee Monari ilikuwa inaanza nyimbo mpya na alikuwa amewaahidi. Alipiga kazi yote ya mwezi ule bila kunitazama usoni. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, maana mtu asiponitazama usoni mimi ninabaki peke yangu kabisa.

Nafika sasa pale nilipokuwa naogopa kufika.

Mwezi uliopita nyimbo hizo mpya zilikamilika. Mzee Monari akaja na kwaya nzima na wazee wenzake kuzisikiliza kabla hazijatoka. Walijaa chumbani, wengine wakakaa sakafuni, akina mama na watoto mgongoni, madirisha wazi, upepo wa ziwa unaingia. Nikawasha. Nilikuwa pekupeku, kiganja changu juu ya meza yenye spika. Nikaisikia ile safari ikianza, watu wale wakipanda mlima, nikafumba macho. Sitakuficha, Benta, nilifurahi. Nilijiambia hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya tangu nizaliwe.

Nikafungua macho. Kwaya yote wameziba masikio kwa mikono. Mtoto mmoja mdomo wazi, machozi yanamtoka, mama yake anamkimbiza mlangoni. Mzee Monari amesimama, midomo yake inacheza. Nami, Mungu anisamehe, nikawatabasamia. Nikadhani imewagusa. Nikanyoosha mkono nikaongeza sauti.

Oliver aliruka juu ya ngoma zake akang'oa waya ukutani.

Kumbe ndani ya nyimbo zote, mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na mlio. Mwembamba, mkali, kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko bila kupumzika. Waya fulani niliouunga vibaya. Nilizifanyia kazi nyimbo hizo mwezi mzima, hedifoni masikioni asubuhi mpaka jioni, mlio ule ukinichoma, na sikujua kwamba upo. Oliver aliwaambia wageni mashine imeharibika, warudi wiki ijayo, akawaomba radhi mmoja mmoja hadi chini. Mzee Monari wakati wa kutoka alinitazama kama unavyomtazama mtu mlevi msibani.

Walipokwisha kuondoka niligeukia mashine zangu nikajifanya nazipanga. Oliver alikuwa nyuma yangu. Aliniambia baadaye kwamba aliniita jina, akaniita tena kwa sauti, akaniita kwa lile jina la matusi ambalo huwa sikubali mtu aniite. Wapi! Hapo akatupa kijiti chake sakafuni, nami nikageuka. Jitu lile zima likakaa chini kwenye mbao likafunika uso. Alipofunua alikuwa analia. Alisema, akiwa amenielekezea mdomo sasa ili niuone, kwamba mwaka mzima amelala akifikiri namwonea wivu, kumbe matoazi yake sikumnyima. Sikuyasikia.

Ndiyo hivyo, dada. Nimekuwa kiziwi.

Sauti nyembamba ziliondoka kwanza, kabla hujahama. Ndege, matoazi, mlio wa simu. Nikasema ni nta ya masikio. Kisha ikaondoka sauti ya Joyline akiwa chumba kingine. Kisha sauti yake akiwa mezani. Sasa nasoma midomo ya watu, na niambie wewe kazi hiyo inavyochosha, kukaa kutwa unabahatisha maneno ya wenzako na kucheka wanapocheka. Yule kijana wa Kisumu, falsafa yangu ile? Joyline aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameniuliza choo kiko wapi.

Joyline alinipeleka hospitalini. Daktari alinivalisha hedifoni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa na kidole changu tayari, namsubiri aanze. Nikasubiri, nikasubiri. Akanigusa bega, akaniandikia kwenye karatasi kwamba tumemaliza. Akaniandikia tena kuuliza kama niliwahi kufanya kazi penye kelele. Nilicheka, Benta, kile kicheko kibaya. Si unajua mimi nilitoka wapi? Macalder. Ujana wangu wote ulikuwa pale kwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu, mashine ile inanguruma ubavuni mwangu kutwa, na masikioni sina hata pamba. Na nilikuwa nafanya kazi hiyo ili nipate maiki yangu ya kwanza. Ile ile yenye shingo ya gundi. Ile iliyo chini ya sakafu. Daktari anasema kuna vifaa vya kuvaa vinavyoweza kunisaidia kusikia mtu akizungumza karibu, na nitavivaa. Lakini muziki, amesema nisijidanganye.

Kwa hiyo siri ni hiyo, na sasa unaijua yote. Hakuna ujuzi. Niliweka maiki mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa bado nasikia, na mimi nilikuwa nasikia kwa nyayo tu. Watu wakasema kipaji, kumbe ni mtu anapapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Mpishi asiye na ulimi bado ni mpishi? Na kwako niliogopa zaidi, wewe uliyekuwa unasikia upana wa ukucha. Nilitaka ubaki unaniona fundi.

Sasa jibu lako. Usiandike barua ile ya kuacha kazi ili uje kujifunza siri, kwa sababu haipo. Usisimame tena mbele ya wazee wa Migori kunitolea ushahidi. Waambie ukweli, au niambie nije niwaambie mwenyewe, nitasimama. Hapa nimeshamwambia Mzee Monari. Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi, akasoma dukani kwake kati ya mbegu za mahindi na za sukuma, akakunja karatasi, akanishika mkono kwa muda mrefu. Akaniuliza, taratibu ili nione midomo, kama wale watu wanaopanda mlima mimi huwa nawaona pia. Nikamwambia nawasikia kwa miguu. Akasema basi ni wale wale. Nyimbo bado anazisubiri, na mlio ule bado umo, kwa sababu mimi siwezi kuutoa na Oliver hajui mashine.

Ukitaka kubaki na watoto wako wa darasa la nne, baki. Nitaelewa kabisa, na heshima yangu kwako haitapungua hata chembe. Pensheni ni pensheni, na mama anakuhitaji. Lakini ukiniuliza moyo wangu, siwezi kukudanganya tena katika barua hii ya ukweli. Nataka uje. Hata likizo tu, hata wiki moja, ukae kwenye kile kiti uvae hedifoni, uwe masikio na mimi niwe miguu. Utundike maiki mbili juu umpe Oliver matoazi yake, maana nina deni naye lisilolipika kwa mdomo. Hajasema neno baya hata moja tangu siku ile. Alichofanya ni kusogeza seti yake yote ya ngoma mpaka mguu wa kiti chake ukakaa kwenye mbao ile ile iliyo chini ya kiti changu. Hakunieleza kwa nini. Niliketi tu, akaanza kupiga, nikaelewa.

Naogopa, Benta. Si kifo, naogopa ukimya. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia Pasaka, ule mrefu, sikuweza kuusikia na niliona haya kumwomba Joyline aniambie umesema nini. Niliulaza kifuani, simu yote, nikaucheza hivyo. Ukanitetemesha hapa chini ya shingo. Kuna mahali ulitetemeka kwa kasi, ukaacha, ukatetemeka tena. Nikajua hapo unacheka. Nimeucheza mara nyingi hapo hapo.

Kalamu imeanza kuniteleza vidoleni na Kemuma ameshafunga magunia yake, ananipungia mkono kutoka chini. Nisalimie mama sana, na Mungu aendelee kumpa hatua, moja baada ya nyingine. Wasalimie watoto wako wa darasa la nne, uwaambie wakupunguzie kelele, na wewe uwaambie wasikae karibu na mashine ya kusaga bila kuziba masikio. Joyline anakusalimu, anasema sasa amepumzika. Oliver anakusalimu. Anasema matoazi yamepanguswa.

Na ukiamua kuja, nyar Sindo, usipoteze pumzi yako kupiga hodi mlangoni. Kanyaga ile mbao iliyolegea. Kanyaga kwa nguvu. Sikuipigilia msumari.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Nchagwa.